Wimbo Usiopigwa na Mtu: Kisa cha Amadinda ya Buganda

Rekodi amadinda, marimba ya Buganda, ikipigwa na watu wawili, kisha mwombe msikilizaji aimbe alichosikia. Ataimba lahani ambayo, ukiwatazama wapigaji mmoja mmoja, huikuti mikononi mwa yeyote kati yao. Wala hajakosea. Lahani ipo, inasikika wazi, inaweza hata kuandikwa kwa nota. Ila hakuna aliyeipiga.

Kisa hiki kimewasumbua wachambuzi wa muziki kwa zaidi ya nusu karne, na kimewasumbua kwa faida. Kinadai jibu la swali ambalo vitabu vingi vya nadharia hulipita kimyakimya: unapochambua wimbo, unachambua kinachofanywa na mikono, kilichoandikwa kwenye karatasi, au kinachosikika? Katika nyimbo nyingi za kanisani na za redioni vitu hivyo vitatu vinakaribiana kiasi kwamba swali halina haja. Kwenye amadinda vinaachana kabisa.

Kwanza chombo chenyewe. Amadinda ni marimba ya Waganda yenye mbao 12, zilizolazwa juu ya vigogo viwili vya mgomba na kutenganishwa kwa vijiti. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana, kila mmoja na fimbo mbili. Wa kwanza, omunazi, ndiye anayeanza. Hupiga mfululizo wa nota zenye nafasi sawa, bila kusita na bila kurefusha hata moja. Sehemu hiyo huitwa okunaga. Wa pili, omwawuzi, huchomeka mfululizo wake katikati, kila pigo lake likiangukia baina ya mapigo mawili ya mwenzake. Hiyo ni okwawula. Aliyewahi kuona watu wawili wakitwanga kinu kimoja kwa kupokezana michi ameshaielewa kanuni. Tofauti ni kasi. Mapigo ya wawili hawa yakijumlishwa hufika 500 hadi 600 kwa dakika, yaani nane mpaka kumi kwa kila sekunde.

Skeli ina nota tano. Kila mpigaji hupiga nota yake pande mbili kwa pamoja, fimbo moja kwenye ubao wa chini na nyingine okteva moja juu, yaani nota ileile kwa sauti nyembamba zaidi, kwa hiyo mbao za 1 hadi 5 na za 6 hadi 10 ni mali ya wawili hao. Zinabaki mbili ndogo za mwisho, ya 11 na ya 12. Hizo ni za mpigaji wa tatu, omukoonezi. Kazi yake, okukoonera, ni kuwasikiliza wenzake, na kila inapotokea nota ya 1 au ya 2 katika mchanganyiko wao, kuirudia okteva mbili juu. Hatungi kitu. Anaokota tu yaliyokwisha kupigwa. Naomba msomaji amkumbuke mtu huyu wa tatu, maana kwa maoni yangu ndiye ufunguo wa kisa kizima, na maandishi mengi humtaja kama nyongeza.

Muziki huu ulikaa miaka mingi katika ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, huko Mengo. Utafiti wa kuuandika ulianza kushika kasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Klaus Wachsmann, aliyekuwa mlezi wa Makumbusho ya Uganda mjini Kampala kuanzia 1948, alipima namna kinubi cha Kiganda, ennanga, kinavyotegwa, akachapisha matokeo mwaka 1950 katika jarida la Nature. Mwaka 1955 Joseph Kyagambiddwa, Mganda na mtunzi, alitoa New York kitabu kikubwa kuhusu muziki wa kwao. Kisha, 1959 kuelekea 1960, akaja kijana wa Vienna, Gerhard Kubik, mpiga klarineti wa jazi, akakaa mbele ya Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa Kabaka aliyekuwa akifundisha kwenye makumbusho hayohayo, akaomba afundishwe kupiga.

Kuomba kufundishwa kulibadilisha kila kitu. Mtu anayesikiliza kutoka pembeni na kuandika angeandika lahani aliyoisikia, akadhani kazi imekwisha. Kubik alipewa sehemu moja, akaipiga, mwenzake akaingia katikati, na ghafla masikioni mwake kukawa na kitu ambacho mikono yake haikuwa ikikifanya. Ndipo alipoelewa kwamba kanda za kurekodia zilikuwa zinamwonyesha matokeo bila kumwonyesha chanzo. Makala yake ya 1960 katika jarida la African Music yalieleza muundo wa marimba hizi. Mengine ya 1962 yakaeleza jambo lenyewe kwa jina, akiliita midundo iliyomo ndani ya mchezo bila kupigwa na mtu mmoja.

Tulione kwa karibu. Huu hapa mfano niliojitungia kwa ajili ya maelezo, si wimbo wa Kiganda. Nota tano ni 1, 2, 3, 4, 5, moja ikiwa ya chini kabisa.

Okunaga: 1 5 2 4 1 3
Okwawula: 4 2 5 1 3 2

Kila mstari peke yake ni wa kurukaruka, chini, juu, chini, juu. Mkono hauoni umbo lolote la kuimbika. Sasa pachika wa pili katikati ya wa kwanza:

1 4 5 2 2 5 4 1 1 3 3 2

Kisha rudia bila kuacha nafasi, kwa kasi ya mapigo kumi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo sikio haliwezi kufuata kila mruko. Linafanya ujanja wake: nota zinazokaribiana kwa kimo zinakusanywa pamoja, za chini kwa za chini, za juu kwa za juu. Chukua 1 na 2 pekee, weka nukta mahali pengine:

1 . . 2 2 . . 1 1 . . 2

Kwa kuwa mwisho unaungana na mwanzo, unachosikia ni jozi: 2-1, kimya cha mapigo mawili, 2-2, kimya, 1-1, kimya. Juu yake jozi nyingine, 4-5, 5-4, 3-3, zinajibu katika nafasi zilizoachwa wazi. Mikono yote miwili ilipiga mapigo sawasawa bila nafasi. Sikio limetoa mdundo wenye mapumziko na mazungumzo ya sauti mbili. Mdundo huo haumo katika okunaga wala okwawula. Katafute 2-2 kwenye mstari wowote kati ya hiyo miwili, huipati.

Sasa soma tena mstari wa nukta. Ndio ule ule atakaoupiga omukoonezi kwenye mbao zake mbili ndogo. Waganda walikuwa wamemweka mtu maalumu wa kulitamka hadharani jambo ambalo sikio hulifanya faraghani. Kubik aliligundua kwa ajili ya chuo kikuu, na ugunduzi huo ni wa thamani. Lakini nadharia yenyewe ilikuwa imeshakaa kwenye kikosi, ikiwa na jina, nafasi na fimbo zake. Ninaposoma kwamba muziki wa Afrika ulikuwa hauna nadharia mpaka walipokuja wenye kalamu, humfikiria mpigaji huyu wa tatu. Yeye ni mchambuzi. Anasikiliza mchanganyiko, anachuja kwa kanuni, anatoa jibu, na jibu lake linageuka sehemu ya muziki.

Sasa tuje kwenye zana za uchambuzi zilizojaribiwa kabla na baada ya Kubik. Ya kwanza ni nota za Kizungu kwenye mistari mitano. Tatizo lake si kwamba ni za kigeni. Zinaandika taarabu na dansi vizuri tu pale mwandishi anapokuwa makini. Tatizo ni mambo mawili zinayomlazimisha mwandishi aamue hata kama muziki haujaamua. Moja ni mstari wa kugawa mizani. Mfano wangu una mapigo 12. Je, niuandike kama sita za nane, au tatu za nne? Pigo la kwanza ni lipi? Omunazi anaona mapigo yake ndiyo msingi na ya mwenzake yako katikati. Omwawuzi, akishazoea, anaweza kuona kinyume chake. Jozi zinazosikika nazo zinavuta kwenye makundi ya nne nne. Ukichora mstari umempa mmoja haki na kuwanyima wengine, na msomaji wa karatasi hatajua kwamba hukumu ilipitishwa.

Jambo la pili ni vimo vyenyewe. Tangu Mwingereza Alexander Ellis alipoanzisha kipimo cha senti, mwaka 1885, tunaweza kulinganisha skeli bila kutegemea piano: okteva ina senti 1200, na hatua ndogo kabisa ya piano ni 100. Gawa 1200 kwa tano, unapata 240. Huko ndiko vipimo vya Wachsmann vilikoelekea, skeli ya hatua tano zinazokaribia kulingana. Mwalimu wa kwaya anayeimba do, re, mi, so, la anapita hatua za 200, 200, 300, 200 na 300. Senti 240 si 200 wala 300. Chombo halisi hakilingani kwa usahihi wa mashine, hatua moja huwa pungufu kidogo na nyingine ikazidi, lakini mchambuzi anayeandika amadinda kwa do, re, mi ameshaingiza tofauti ya hatua kubwa na ndogo ambayo marimba haina. Na bila tofauti hiyo, hakuna njia ya sikio kusema nota hii ndiyo nyumbani. Uchambuzi wa kodi, yaani wa nota tofauti zinazolia kwa pamoja, ule wa kuandika I, IV, V chini ya kila mizani, unakosa pa kushika: hakuna kodi, kuna okteva tu, na hakuna “do” ya kurudi.

Kubik akaamua kuandika kwa tarakimu 1 hadi 5, mistari miwili, na chini yake anachopiga wa tatu. Ni maandishi rahisi mno kwa macho, na yamewafundisha wanafunzi wengi duniani kupiga muziki huu. Nayapenda kwa sababu yanaandika vitendo, na kuliacha sikio lifanye kazi yake lenyewe.

Zana ya pili ilitoka kwenye saikolojia. Albert Bregman wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, alichapisha mwaka 1990 kazi kubwa kuhusu namna ubongo unavyogawa sauti katika mikondo, na baadaye akautumia muziki wa amadinda katika maonyesho yake ya sauti, kwa kuwa ni mfano safi kuliko milio ya maabara. Hapa ndipo kisa cha Buganda kinapoungana na Ulaya. Fungua mwendo wa mwisho wa Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, ya 1893. Lahani ya kushuka inayosikika mwanzoni haipigwi na violin za kwanza, wala za pili. Nota moja iko kwa hawa, inayofuata kwa wale, na kila kundi peke yake linapiga mstari wa kurukaruka. Baadaye, lahani hiyo inaporudi, violin za kwanza zinapewa yote. Nyuma zaidi, katika kazi za Bach za violin peke yake zilizonakiliwa mwaka 1720, mpigaji mmoja huruka kati ya chini na juu hadi tunasikia sauti mbili zikienda sambamba. Na anayesikiliza magita ya rumba ya Kikongo, pale gita moja linapomdakia mwenzake hata huwezi kusema nani kaanzia wapi, ameshaishi na jambo hili bila kuhitaji vitabu.

Lakini ulinganisho huu una mpaka wake, na wanaoutumia kusema kwamba muziki wote ni mmoja wanakwenda mbio kupita kiasi. Kwa Bach na Tchaikovsky, sikio lina msaidizi: ufunguo wa wimbo na mwendo wa kodi humwambia msikilizaji sauti ya chini inaelekea wapi. Kwenye amadinda hakuna msaidizi huyo. Zaidi ya hapo, kila nota inapigwa katika okteva mbili. Ubao wa 6, ambao ni nota ya 1 kwa juu, ni jirani wa ubao wa 5. Kwa hiyo sikio linaweza kuikusanya 1 ya juu pamoja na 4 na 5 za chini, likapata lahani ya tatu, tofauti na zile mbili nilizozionyesha. Watu wawili wakisikiliza rekodi moja huweza kusikia mambo mawili na wote wakawa sahihi. Mwaka 1993 Ulrich Wegner, katika jarida la Ethnomusicology, aliuliza upya kama midundo hii ya ndani ipo vilevile kwa sikio la Mganda aliyekulia humo. Swali lilikuwa la haki. Huwezi kujua alichosikia mtu kwa kupima masafa ya sauti peke yake.

Kuna jaribio jingine ninaloliona la maana kuliko hilo, na linapatikana ndani ya utaratibu wa Waganda wenyewe. Wanao mfumo uitwao miko, ambao Lois Anderson aliuandikia tasnifu yake huko UCLA, Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, mwaka 1968. Wimbo mzima unahamishwa hatua moja: penye 1 panakuwa 2, penye 5 panarudi 1, na kuendelea. Kwa nadharia ya Ulaya, kuhamisha wimbo ni kubadili kimo tu. Umbo linabaki lilelile, ndiyo maana mpiga kinanda humpandishia mwimbaji ufunguo bila kumbadilishia wimbo. Hebu tuuhamishe mfano wetu:

2 5 1 3 3 1 5 2 2 4 4 3

Sasa omukoonezi anaokota 1 na 2 kama kawaida:

2 . 1 . . 1 . 2 2 . . .

Hakuna tena jozi tatu zilizopangika. Kuna mapigo matano yaliyotawanyika, na kimya kirefu mwishoni. Mikono ya chini imefanya kilekile, hatua moja pembeni. Juu, mdundo mpya umezaliwa. Mbao ni 12 tu na kanuni ya okukoonera haihami pamoja na wimbo, kwa hiyo kuhamisha ni kutunga upya. Hapa nadharia ya Ulaya haipungukiwi na istilahi. Inapungukiwa na dhana yenyewe, na mchambuzi asiyejua miko ataandika nyimbo mbili mahali penye wimbo mmoja.

Mpaka hapa nimezungumza kama kwamba muziki huu ni namba. Makosa ya kuuacha hapo yalionwa mapema na Peter Cooke, aliyependekeza njia nyingine katika African Music mwaka 1970. Hoja yake inarudisha neno mahali pake: nyuma ya michezo hii kuna nyimbo, zenye maneno ya Kiganda na sauti ya mwimbaji, na lahani ya mwimbaji imegawanywa ndani ya sehemu mbili za wapigaji. Mpiga ennanga wa ikulu alifanya jambo hilohilo peke yake, mkono wa kulia ukipokezana na wa kushoto huku akiimba. Kiganda ni lugha ya toni, ambamo kupanda na kushuka kwa sauti hubeba maana, jambo ambalo Kiswahili chetu hakina. Mtunzi hakuwa huru kupeleka lahani popote. Msikilizaji anayejua maneno, anaposikia mikondo ikitengana, ana sababu ya kuufuata mmoja na kuuacha mwingine: ule unaosema kitu.

Mimi naiona hoja ya Cooke kuwa nzito kuliko ilivyopokewa. Ugunduzi wa Kubik ulisafiri mbali kwa sababu ulikuwa rahisi kubebeka; namba hazihitaji mkalimani. Mtunzi György Ligeti aliupenda, na alipoandika mazoezi yake ya piano kuanzia 1985 mawazo haya ya Afrika yalikuwa sehemu ya chakula chake. Maneno hayakusafiri. Matokeo yake, watu wengi nje ya Uganda wanaweza kupiga okunaga na okwawula ya wimbo wa kihistoria bila kujua unamtaja nani, au kishazi kinaanzia kwenye pigo lipi. Wamepata mashine ya lahani, wameikosa sababu ya lahani kuwa hivyo ilivyo.

Jambo hili lilipata uzito mwingine tarehe 24 Mei 1966, jeshi la serikali ya Obote lilipovamia Mengo. Kabaka Mutesa II alikimbia na kufia London mwaka 1969. Ufalme ulifutwa 1967, haukurudi mpaka 1993. Vyombo vya ikulu viliharibiwa, wapigaji wakatawanyika. Tangu siku hiyo maandishi na kanda hazikuwa tena picha ya kitu kilichopo. Ziligeuka kuwa moja ya njia za kukifikia. Mwanafunzi wa leo anayejifunza amadinda kwenye darasa la chuo huanza mara nyingi na ukurasa wa namba, na kinachokosekana kwenye ukurasa huo naye atakikosa, isipokuwa pawe na mzee wa kumsahihisha.

Kwa hiyo naona ukurasa wa haki wa wimbo mmoja wa amadinda unahitaji mistari minne: okunaga, okwawula, okukoonera, na maneno ya Kiganda yakiwa yamewekwa chini ya mapigo yake, silabi kwa silabi, pamoja na alama za toni. Kisha urudiwe kwa kila muko (ndio umoja wa miko) uliokuwa ukitumika, kwa sababu mstari wa tatu hubadilika kila mara. Mitatu ya kwanza imeshafanyiwa kazi kwa nyimbo nyingi. Wa nne bado unawasubiri watu wanaokijua Kiganda kama lugha ya mama na wakati huohuo wanaweza kusoma namba za Kubik.